Magurudumu Yaliyotulia

Jumanne, tarehe 4

Mvua imeanza leo alasiri kabla sijafunga duka. Kaka ameingia ameloa chapachapa, ila gari lake kalifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, kavu kabisa, utadhani kabeba mtoto mchanga. "Nipokee mzigo kwanza, mimi nitakauka," akasema. Ndivyo alivyo kaka yangu.

Gari lenyewe ni la rimoti, la kupanda mawe. Wasiojua wanasema mwanamume mwenye mvi anacheza na midoli. Sisi wenyewe tunakutana kwenye machimbo ya zamani ya mawe, kila mtu na gari lake, na tunaweza kubishana juu ya skrubu moja mpaka jua linazama. Mvua ikianza, machimbo yanageuka tope tupu, hakuna anayekanyaga kule. Kwa hiyo msimu wa mvua ndio msimu wa kuyafungua magari na kuyatengeneza, na kwa kuwa mimi ni fundi redio na mwenye meza kubwa, yote yanaishia kwangu.

Kaka anataka servo ihamishwe. Servo ni ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele. Kwenye gari lake imekaa juu ya ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu mawili, mbele kabisa, imechomoza kama meno ya sungura, na hakuna jiwe linalopita bila kuigonga. "Ipandishe kwenye fremu," akasema, "iingie chini ya bodi. Ekseli ibaki tupu, ipite popote."

Nikamwambia hiyo siyo kazi ya kukaza skrubu mbili na kwenda zetu. Akacheka. "Kwani unakwenda wapi na mvua hii?"

Jumatano, tarehe 5

Jana nimeandika habari za gari nikaukwepa mkono. Basi niuandike.

Kaka ni kinyozi. Mashine ya kunyolea kila mtu anaweza kushika, lakini wembe wa kaka watu walikuwa wanaufuata kutoka mitaa ya mbali. Alikuwa akikuchonga ndevu unatoka pale unajiona bwana harusi. Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka. Mwanzoni alisema ni uchovu, kisha akasema ni kahawa, akaacha kahawa. Kabla ya mvua hizi alimkata Mwalimu shavuni. Mwalimu ni mteja wake tangu anafundisha mpaka sasa amestaafu. Damu ilikuwa kidogo tu, na Mwalimu mwenyewe akafanya mzaha, lakini kaka aliukunja wembe akaufungia kwenye droo. Siku hizi anakaa karibu na mlango wa saluni yake kupokea salamu, na kinyozi aliyemwajiri ndiye anayenyoa kwa mashine.

Leo wakati wa chakula ametuambia, mimi na shemeji, kwamba hatagusa wembe mpaka magurudumu yatulie. Hatukumwelewa. Akaeleza: akiutazama mkono, mkono unaogopa, unatetemeka zaidi. Kwa hiyo anashika usukani wa rimoti, anajaribu kuyanyoosha magurudumu ya gari, na anayatazama hayo. "Magurudumu hayaogopi," akasema. "Siku yakisimama wima bila kucheza, nitajua nimepona. Nitarudi kazini siku hiyohiyo."

Shemeji aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa bado vina chakula.

Jumapili, tarehe 9

Mvua. Nimekata bamba la kushikia servo. Nimelikata vibaya.

Jumatatu, tarehe 10

Nimekata jingine.

Alhamisi, tarehe 13

Servo imekaa juu ya fremu. Inapendeza. Imejificha chini ya bodi kabisa, na fimbo ya usukani inashuka kwa mshazari mpaka kwenye gurudumu. Ekseli ya mbele iko wazi, hata mimi nimeitazama nikajisifu kidogo. Kesho kaka anakuja kulijaribu.

Ijumaa, tarehe 14

Aibu yangu.

Tulipanga matofali kwenye korido ya dukani maana nje kunanyesha. Kaka akaliendesha taratibu. Gari likapanda tofali la kwanza, springi ya upande mmoja ikabonyea, na magurudumu yakageuka yenyewe kulia. Akalirudisha. Likapanda tena, likageuka tena. Nilimwona anautazama mkono wake. Akaubana kwenye mbavu, akajaribu kuendesha kwa vidole viwili, akajaribu kwa kushoto. Likageuka tena.

"Umezidi," akasema kwa sauti ndogo. "Zamani ulikuwa unatetemeka tu. Sasa unavuta."

"Siyo wewe, kaka."

"Usinibembeleze."

Nililipindua gari palepale nikamwonyesha. Servo ikiwa juu ya ekseli, inapanda na kushuka pamoja na ekseli, hakuna tatizo. Ukiihamishia kwenye fremu, fremu inabonyea na ekseli inabaki, kwa hiyo fimbo ya usukani inasukuma magurudumu bila kuulizwa. Dawa yake ni kuweka fimbo ya pili, ya kuishika ekseli isiende pembeni, na fimbo hizo mbili zilale sambamba na ziwe na urefu sawa. Mimi fimbo ya pili nilikuwa nimeiweka popote iliponikalia vizuri. Mambo hayo nayajua vizuri, nilikuwa na haraka ya kumfurahisha tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni gari?"

"Ni gari. Ni mimi."

Akaenda kusimama mlangoni kutazama mvua, na nikaona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilijua hapo jinsi anavyoyaamini magurudumu hayo. Nilipaswa kuogopa kuanzia hapo.

Jumatatu, tarehe 17

Fimbo ziko sambamba. Gari linapanda matofali bila kuyumba. Kutetemeka kupo palepale.

Jumatano, tarehe 19

Daktari amembadilishia dawa. Shemeji alikwenda naye, akanisimulia jikoni kaka akiwa anaoga. Daktari alisema dawa itapunguza, haitaondoa. Kaka alimwuliza, "Itapunguza mpaka wapi?" Daktari akasema tutaona. Njiani kaka akamwambia mkewe, "Umesikia? Tutaona." Shemeji anasema alilitamka kama mtu aliyeahidiwa.

Jumamosi, tarehe 22

Leo amekuja asubuhi na mapema. Akaliweka gari mezani kwangu, akashika rimoti, akayanyoosha magurudumu. Yakacheza. Akasubiri. Yakacheza. Wateja waliingia, nikawahudumia wawili, nikabadilisha kioo cha simu, yeye bado yupo pale pale, anatazama magurudumu mawili madogo ya mpira yanatetemeka. Nilipogeuka nikakuta machozi yanamtoka. Hakuyafuta. Kaka yangu, aliyenibeba mgongoni kuvuka mitaro mimi nikiogopa maji, analia mbele yangu.

"Labda kuna kitu kimelegea," nikasema. "Niachie nikague."

Hakuna kilichokuwa kimelegea. Mimi ndiye niliyelegeza.

Baada ya yeye kuondoka nilifungua bodi. Pale fimbo ya usukani inapoungana na mkono wa servo kuna tundu dogo la skrubu. Nikalichonga kwa tupa mpaka likawa refu, halafu nikatia vipande vya mpira pembeni ili skrubu isigonge. Sasa servo ikitikisika kidogo, skrubu inatembea ndani ya tundu na gurudumu halipati habari. Ukigeuza sana, gari linageuka kama kawaida. Fundi yeyote akikuta tundu limekuwa hivyo anakutukana, maana kazi yetu yote ni kuondoa ulegevu, na mimi nimeuweka makusudi. Kama servo ingekuwa bado kule mbele kwenye ekseli, kaka angeona siku ya kwanza. Chini ya bodi hakuna anayeona.

Nilijiambia ni kwa siku moja tu, apate siku moja nzuri.

Jumapili, tarehe 23

Yametulia.

Alipiga kelele mpaka jirani muuza viatu akaja na kiatu mkononi kuuliza kuna nini. "Tazama!" kaka anamwambia. "Tazama magurudumu haya!" Muuza viatu akatazama, akasema ni mazuri sana, akarudi dukani kwake. Kaka akanikumbatia. "Dawa imefanya kazi, mdogo wangu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo nilikuwa nao. Nikasema, "Hongera, kaka."

Jumatatu, tarehe 24

Mvua haikukatika. Shemeji ameleta maandazi dukani, na kicheko ambacho sikukisikia mwaka mzima. Sikuweza kula hata moja.

Jumanne, tarehe 25

Nimemwambia kaka asiharakishe. Akaniuliza kwa nini. Nikasema dawa ni mpya. Akasema, "Wewe tangu utotoni muoga wa maji, na sasa muoga wa habari njema."

Kikombe chake cha chai kilikuwa kinagonga kisahani wakati anasema hivyo. Niliusikia mlio ule, yeye hakuusikia. Au alisikia akaamua magurudumu yana ukweli zaidi.

Alhamisi, tarehe 27

Nimepita na simu ya mtu mkononi kuelekea nyumbani kwake, nikaona kibao kimetolewa nje ya saluni, kimefutwa vumbi: *Wembe upo.* Nilisimama kwenye mvua nikiwa na mwavuli uliofungwa mkononi.

Ndani, Mwalimu alikuwa tayari ameketi kwenye benchi, amevaa koti lake zuri. Kaka alikuwa anaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, taratibu, na kwa kuunoa hujui mkono wa mtu, maana mkono wenyewe uko mbioni. Yule kinyozi wa kuajiriwa alinitazama kwa jicho la kuniuliza kitu.

"Karibu, karibu!" kaka akasema. "Mwalimu ndiye wa kwanza. Nilimharibu mimi, nitamtengeneza mimi."

"Mwalimu atanisamehe," nikasema, "mimi nina haraka. Ninyoe mimi kwanza."

"Haraka ya wapi na simu ya watu mkononi?"

"Kaka, ninyoe mimi."

Mwalimu akasema mdogo apite tu. Nikakaa kwenye kiti, nikafungwa kitambaa, nikapakwa povu. Nilikuwa nimepanga kusema kabla. Nilikuwa na maneno yote. Halafu nikamwona kwenye kioo, amesimama nyuma yangu na lile koti lake jeupe alilolipiga pasi, uso wake umerudi ule wa zamani, na maneno yakanikauka. Nikajiambia huenda dawa kweli imesaidia, nani ajuaye. Nikainua kidevu.

Mkwaruzo wa kwanza ulikuwa safi, kutoka sikioni mpaka kwenye taya. Wa pili pia. Kisha akaushusha wembe chini ya kidevu, akatulia kidogo kutafuta pa kuanzia, na hapo nikausikia kwenye ngozi. Ulikuwa unagonga. Tik, tik, tik, kwenye koo langu.

"Umetikisika," akasema.

"Sijatikisika."

"Tulia basi."

Nikashika mikono ya kiti. Wembe ukarudi. Tik, tik, kisha ukachoma, na nikaona kwenye kioo tone jekundu linaingia kwenye povu. Kaka aliliona pia. Alikuwa ananitazama kwenye kioo, na macho yake yalikuwa yananiomba niseme kwamba nimetikisika mimi.

"Kaka," nikasema, "lile gari nililichezea. Nilitanua tundu la fimbo. Si wewe uliyeyatuliza magurudumu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Aliufuta wembe pande zote mbili, akaukunja. Akanifuta damu, akanibandikia kipande cha karatasi kwa uangalifu uleule anaomfanyia kila mtu. Halafu akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, leo ni mashine tu," akasema. "Kijana wangu atakuhudumia."

Akatoka nje akaingiza kibao.

Ijumaa, tarehe 28

Hajaja.

Jumamosi, tarehe 29

Hajaja. Nimekwenda kwake, shemeji amenipokea mlangoni bila kunikaribisha. Nikaanza kueleza kwamba nilimwonea huruma.

"Ulimwonea huruma, sawa," akasema. "Sote tunamwonea. Lakini mimi nililala siku nne nikidhani mume wangu amepona. Nilimpigia simu mama yenu nikamwambia. Sasa nimpigie tena niseme nini?"

Nikasema samahani. Akasema, "Samahani yako nimeipokea, shemeji. Nenda nyumbani." Na akafunga mlango kwa upole.

Jumatatu, tarehe 1, mwezi mpya

Jirani muuza viatu ameniuliza mbona sina raha. Nikamwambia ni mvua.

Nimekuwa nikijiona mimi ndiye mwema kati ya wote, mwenye huruma. Leo nimekaa mezani nikakumbuka ile Jumamosi vizuri. Aliyeshindwa kuyatazama magurudumu yale ni mimi. Yeye aliyatazama asubuhi yote, analia na anatazama. Mimi ndiye niliyetaka yanyamaze.

Alhamisi, tarehe 4

Mvua imepungua. Manyunyu tu.

Ijumaa, tarehe 5

Amekuja. Aliliweka gari mezani bila mifuko ya plastiki, akavuta kigoda.

"Irudishe servo kwenye ekseli," akasema.

Nikamwambia naweza kuiacha juu nikabadilisha tu mkono wake, nikaweka wenye tundu la kawaida, bila ulegevu. Ni mahali pazuri, ekseli inapita, kazi yote ya mwezi iko pale.

"Nataka iwe nje. Nataka niione."

"Mawe yataigonga."

"Yaigonge."

Nikafungua. Aliona lile tundu nililolichonga. Akakichukua kile kimkono cha servo, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kucha ndani yake. "Umekichonga vizuri," akasema. "Kazi safi." Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha akazungumza, nami nikiwa na bisibisi mkononi sithubutu kuinua kichwa. Alisema hakukasirika kwa sababu ya uongo. Uongo wa huruma hata yeye amewaambia wateja wengi wenye vipara. Alikasirika kwa sababu kwa siku zile chache alikuwa amepona kweli, na alipanga mambo. Alipanga mpaka rangi ya kuta za saluni. "Ule ugonjwa nilikwisha kuuzoea, mdogo wangu. Sasa imebidi niuanze upya."

Nikalia. Akaniacha nilie, hakunibembeleza, na kwa hilo namshukuru.

Tulifunga servo pamoja. Mimi nilishika ekseli, yeye akaweka skrubu. Ilimchukua muda mrefu kuiingiza kila moja kwenye tundu lake, bisibisi inateleza, inarudi. Sikumsaidia. Nilikuwa naumia, lakini sikumsaidia.

Jumanne, tarehe 9

Jua. Tope linakauka juujuu.

Kaka amemwachia kinyozi wa kuajiriwa saluni aiendeshe, wagawane. Wembe ameuuza? Sijui, sikuuliza. Shemeji amenikaribisha chai.

Jumapili, tarehe 14

Leo machimbo yamefunguliwa.

Tulikuwa wengi, maana kila mtu alikuwa na hamu baada ya mvua. Mawe yalikuwa bado na unyevu, yanateleza. Msimamizi wetu ni yule mchomea vyuma tunayemwita Breki, kwa sababu ana sauti kama ya lori linalosimama ghafla. Yeye ndiye anayepanga njia, vijiti viwili viwili juu ya mawe, unapita katikati. Ukigusa kijiti, umepunguziwa alama.

Zamu ya kaka ikafika. Akaliweka gari kwenye mstari, akashika rimoti, akayanyoosha magurudumu. Yakaanza kucheza. Kule mbele ya ekseli, wazi kwa kila mtu, servo ilikuwa inatikisa kimkono chake na kulia kama nyuki. Kila mtu aliona.

"Ala!" Breki akanguruma. "Servo imekufa hiyo! Fundi, umemfanyia nini kaka yako mvua nzima?"

Watu wakacheka, kwa wema tu, hawajui. Wakanigeukia. Nikaona nafasi ile, na ilikuwa rahisi sana: kusema ndiyo, ni servo, ni mimi, fundi mbovu, tutabadilisha. Nilifumbua mdomo, nikamtazama kaka. Naye alikuwa ananitazama, anasubiri aone nitafanya nini.

Nikafunga mdomo.

"Servo ni nzima," kaka akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Fundi hana kosa. Ni mkono wangu. Unatetemeka, na daktari amesema hautaacha. Ndiyo maana siku hizi sinyoi."

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja aliyenyolewa naye miaka yote akaweka mkono kwenye ndevu zake. Breki alianza kutafuta filimbi kwenye mifuko ya suruali, mfuko huu na ule, na filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni kwake.

"Piga basi," kaka akamwambia. "Betri inaisha."

Filimbi ikalia. Akaliingiza gari kwenye mawe, magurudumu yakitetemeka, taratibu, akivitafuta vijiti viwili vya kwanza.